Uzi Kwenye Boneti

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza. Imenikuta njiani natoka kiwandani, na kwa kuwa kioo cha upande wangu hakipandi mpaka juu, nimefika nyumbani bega moja limelowa, jingine kavu. Kabla sijaliingiza gari chini ya bati nikaona pale linapolala kila siku pana doa jeusi, upana wa kisahani. Nikashuka, nikaligusa, nikanusa kidole. Si maji.

Sijamwambia mtu. Naandika hapa kwa sababu jambo lazima litoke mahali, na humu ndani nikisema tu "gari linavuja," wiki haiishi litakuwa limeuzwa.

Alhamisi, 7 Machi

Mtoto amelala mapema, kwa hiyo leo nina mikono miwili.

Gari hili lilikuwa la baba mkwe. Ameliendesha tangu mume wangu yuko shule ya msingi. Macho yalipoanza kumwingia ukungu, aliwaruka wanawe wote wawili akaja kuniwekea funguo mimi mezani, kando ya sahani. "Wewe huna haraka," alisema. Basi. Sasa haoni kabisa, tunaishi nyumba moja, na tangu siku hiyo hajawahi kuuliza linaendaje. Kimya chake hicho nimekichukua kuwa ni majuto.

Mume wangu yuko mbali kikazi, anarudi mvua zikiisha. Mdogo wake, shemeji yangu, tunamwita Dalali, maana hajawahi kuona kitu akakiacha bila kukitafutia mnunuzi. Mwaka jana alimuuzia mtu kabati langu nikiwa nimesimama mbele yake, nikaitikia. Sasa analitazama gari kwa jicho lile lile. Juzi kwenye simu mume wangu alikata shauri: "Nikija nikalikuta linasumbua, tuliuze. Nikilikuta zima, libaki."

Kwangu mimi libaki. Binti yetu ana miaka mitatu na ana pumu. Mvua za mwaka jana kifua kilimbana jioni, barabara imejaa maji, hakuna aliyekubali kutubeba. Ni gari hili lililotufikisha hospitali. Daktari alisema, "Mama, mngechelewa kidogo tu..." hakumalizia. Mimi huimalizia sentensi ile kila mawingu yanapotanda.

Jumamosi, 9 Machi

Nimelipeleka kwa Fundi Kimya. Ni jina la utani. Mtu huyu hajanyamaza tangu nimfahamu.

"Hili linatoka jasho tu, mama," alisema akiwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana. "Gasketi ya kifuniko cha juu imekauka kama biskuti. Tunaibadilisha. Na oili tunamwaga, hii sasa ni lami."

"Na kama si hiyo peke yake?"

"Mbona unaniuliza kama polisi?"

"Nakuuliza kama mwenye gari."

Alicheka hadi spana ikamponyoka.

Nilisimama mwanzo mwisho. Nimeona oili ya zamani ikishuka kwenye beseni, nzito, inang'aa. Nimeona filta ya zamani ikitoka na mpira wake, maana alinionyesha makusudi: mpira ule ukibaki umegandia injini, ukafunga filta mpya juu yake, itavuja hata uifunge kwa dua. Kisha akanifundisha mambo mawili ya kufanya mwenyewe. Kwanza, kila nikiegesha nitandike kadibodi safi chini ya injini. Tone jeusi ni oili, jekundu ni la usukani, la kijani ni la rejeta. Lisilo na rangi wala harufu ni mvua, niache kuhangaika. Pili, kijiti cha kupimia oili nikichomoe asubuhi, injini ikiwa baridi, gari likiwa pahali tambarare. Nikifute, nikirudishe, nikichomoe tena. Kina alama mbili. Oili isishuke chini ya ile ya chini, isipite ile ya juu.

"Isipite? Nyingi si ndiyo nzuri?"

"Mtoto ukimjaza maziwa hadi kooni anafanyaje?"

"Anacheua."

"Ehee."

Jumapili, 10 Machi

Kadibodi safi.

Jumatano, 13 Machi

Safi. Kijiti kinasema sawa. Mvua kutwa nzima.

Jumamosi, 16 Machi

Safi. Nimelala mchana kama mtu asiye na mtoto.

Jumatatu, 18 Machi

Tone. Jeusi, la mviringo, katikati kabisa ya kadibodi kama mtu amelipima kwa rula.

Nikachomoa kijiti nikijua nitakuta oili imepungua. Imepanda. Imepita alama ya juu kwa upana wa kidole. Nikafuta, nikarudisha, nikachomoa. Vile vile. Nikarudia hadi nikachelewa kazini.

Kitu kinachovuja hupungua. Hata ndoo inalijua hilo.

Alhamisi, 21 Machi

Nimerudi kwa Fundi Kimya na uso wangu wa kazi.

"Ulijaza ukapitiliza."

"Mama, nilipima mbele yako. Ulikuwa umeninyooshea shingo hapa kama twiga."

Ni kweli alipima mbele yangu. Lakini mafundi wana mikono myepesi, na mimi siku ile nilikuwa na usingizi. Akafungua bolti ya chini, akapunguza mpaka ikakaa sawa. Safari hii nilimwomba nishike kijiti mimi.

"Oili haizai," alisema akifuta mikono. "Nyumbani kwenu nani mwingine anafungua boneti?"

Kuna mtu alinijia kichwani kabla hata hajamaliza kuuliza.

Jumapili, 24 Machi

Mtu mwenyewe kaja. Dalali alilizunguka gari, akapiga tairi teke dogo, akainua kadibodi kwa ncha ya kiatu.

"Shem, linatapika bado?"

Bado! Nani alimwambia kwamba liliwahi kutapika? Mimi sijafungua mdomo. Nikamwambia kadibodi ni ya kuzuia vumbi. Vumbi, kwenye mvua hizi. Akatabasamu, akasema ana jamaa anayelitaka hata kesho, "hata kwa vipuri tu, shem, hachagui."

Vipuri! Gari la kumpeleka mwanangu hospitali.

Baba mkwe alikuwa amekaa barazani na redio yake. Kidole gumba chake kina plasta.

"Umeumia, Baba?"

"Kikombe cha chai."

Mlango wa nyuma wa gari haufungiki kwa ufunguo. Mtu yeyote akipitisha mkono hadi mbele anavuta kidude cha boneti. Na mtu akitaka gari lionekane bovu mume wangu akirudi, hahitaji kuvunja chochote. Anajaza tu mpaka licheue.

Jumatatu, 25 Machi

Mtoto hataki dawa. Kamlisha mdoli, kaulisha mto, sasa kaniambia gari nalo limekunywa dawa.

"Na wewe je?"

"Mimi sikohoi."

Akakohoa pale pale. Tukacheka wote, na dawa akanywa.

Jumanne, 26 Machi

Kutwa nzima nashona sare za shule, kola na mifuko, na kichwa kiko chini ya bati nyumbani. Leo nimerudi na kipande cha uzi mweusi, ule mwembamba unaokatika ukiutazama vibaya. Nilipoegesha tu, kabla sijaingia kumwogesha mtoto, nimeufunga toka kwenye grili hadi ukingoni mwa boneti. Hauonekani. Lakini boneti haiinuki bila kuukata.

Dalali alipita jioni kuazima mwavuli. Nilimsikia nikiwa bafuni, mikono imejaa povu.

Jumatano, 27 Machi

Umekatika.

Jumapili, 31 Machi

Nimemwambia. Sikungoja chai.

"Shemeji, umekuwa ukifungua boneti ya gari langu."

"Gari lako?"

"Hukukataa kufungua. Umekataa kuwa ni langu."

"Nakataa yote mawili!" Akasimama. "Kwani mimi nina shida gani ya kujificha? Doa nililiona chini kama mtu yeyote, na nikitaka kuliuza nasema nataka kuliuza. Mimi siibi, shem. Mimi nauza!"

"Jumanne ulikuja hapa jioni, asubuhi yake uzi umekatika."

"Uzi gani?"

Nikamweleza. Alinitazama kama mtu aliyeonyeshwa jino lililong'oka. "Unamtegea shemeji yako uzi? Kama panya?"

Barazani baba mkwe aliongeza sauti ya redio, kisha akasema bila kugeuka, "Acheni makelele, mtoto anasikia." Dalali akaondoka bila kunywa kitu. Kwa hasira akauacha hata mwavuli aliouazima, na nje inanyesha.

Sikumwonea huruma. Kidogo tu.

Jumanne, 2 Aprili

Uzi umekatika tena. Kijiti kimepita alama. Matone mawili. Fundi Kimya kasafiri hadi wiki ijayo, hakuna wa kuipunguza.

Dalali hajakanyaga hapa tangu Jumapili.

Ijumaa, 5 Aprili

Tuko watatu humu ndani. Mmoja ana miaka mitatu, mmoja ni mimi.

Leo ana plasta nyingine, kidole kile kile. Nikauliza tena, akanijibu tena chai. Lakini chai ya mzee huyu naimimina mimi, na huinywa ikiwa vuguvugu; ikiwa ya moto huniagiza niipoze. Mtu haungui kwa chai ya vuguvugu.

Sasa nayaona yote upya. Redio inayopigwa kwa sauti kila jioni wakati namwogesha mtoto. Kutouliza kwake. Labda alinipa funguo siku ile kwa hasira ya macho yake, akajuta, na anatafuta njia ya kuwarudishia wanawe bila kuonekana amevunja neno lake. Gari likiharibikia mikononi mwangu, nani atamlaumu kipofu?

Kinachoniumiza ni hiki: kutwa nzima namwachia mtoto. Leo nimerudi nikamkuta amemlaza kifuani, anamhesabia pumzi kwa vidole mgongoni, anamwita "mke wangu" kama kawaida yake. Nimemchukua mtoto haraka kuliko nilivyozoea. Alilisikia hilo. Mikono yake ilibaki hewani, imefunguka.

Jumapili, 7 Aprili

Nimempelekea Baba chakula barazani, mimi nimekula ndani. Mvua.

Jumatano, 10 Aprili

Naandika mchana.

Jana jioni nilikuwa ndiyo kwanza nimemfuta maji mtoto, kifua kikaanza. Ule mlio wa filimbi. Nikampa pampu yake ya pumu, nikangoja, nikampa tena. Mbavu zikawa zinaingia ndani kila akivuta hewa. Nikamfunga kanga, nikatoka mbio. Baba mkwe alikuwa tayari mlangoni na koti lake, mkono mmoja ukutani.

"Nakuja."

"Baki, Baba. Tafadhali."

"Utaendesha huku umemshika?"

Nilitaka kukataa. Nikatazama mbavu za mwanangu, nikampa.

Gari liliwaka. Nyuma likatoa moshi wa buluu, hadi ukuta wa jirani haukuonekana. Harufu ya oili iliyoungua ikaingia ndani. Barabara imekuwa mto, waipa moja tu inafanya kazi vizuri, na nilipoanza kupanda kilima injini ikawa inakanyagwa, haivuti, kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Nikakanyaga zaidi. Moshi ukazidi.

Baba mkwe aliinamisha kichwa, anasikiliza. "Oili imezidi," alisema.

Basi nikapasuka. "Najua imezidi! Nani anaizidisha, Baba? Nani?"

Akasema, polepole, kwa sauti ya mtu anayehesabu gizani, "Mwanangu, mimi kila jioni nakuta imepungua."

"Kila jioni?"

"Ukiwa unamwogesha mtoto. Naipima, naikuta chini, naongeza. Nikawa najiuliza unaipeleka wapi."

Nilitaka kusimamisha gari nipige kelele. Hakunipa nafasi. "Toa mguu," alisema. "Gia ya pili. Ukilikanyaga hivyo injini inaichapa oili kama mayai, inakuwa povu. Lipe taratibu. Hapo. Hapo hapo. Lisikilize." Akanipandisha kilima kile kwa masikio yake, huku mkono wake mmoja uko mgongoni mwa mtoto, vidole vinahesabu. "Bado anavuta," alikuwa akiniambia kila mara. "Anavuta. Wewe tazama mbele."

Tulifika. Walimchukua mikononi mwake wakamwekea barakoa ya mvuke.

Tulikaa kwenye benchi, tumelowa wote wawili. Nikamuuliza anapimaje asiyeona. Akainua kidole gumba. Anachomoa kijiti, anakipitisha kidoleni: alama anaisikia kwa ukucha, oili anaisikia kwa ngozi. Injini ina moto, ndiyo maana ya plasta.

"Hilo ndilo kosa, Baba. Nikizima tu, oili bado iko juu, haijashuka. Na ikiwa ya moto ni nyepesi, haishiki kidole. Unakuta pakavu penye oili."

"Nilikuwa nangoja kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

Akafikiri. "Mpaka nisikie unamwaga maji ya kuoga."

"Zamani ulikuwa unapima saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Na sasa?"

"Asubuhi gari linakuwa na wewe." Akakisugua kidole chenye plasta. "Nilidhani hupimi. Nakusikia unawasha, unaondoka."

"Napima hujaamka. Kwa nini hukuniambia linapungua?"

"Nikuambie linakunywa oili? Mngeniachia hata wiki? Mwanangu yule mdogo angefika na mnunuzi jioni ile ile. Nina galoni chini ya kitanda, nilibaki nayo nilipoacha kuendesha. Nikasema, acha niongeze kimya kimya, mke wangu mdogo apate pa kupanda mvua zikimkuta."

Mimi nilificha doa kwa sababu ile ile. Tulikuwa tukiliokoa gari wawili, kila mtu kwa zamu yake, mpaka likaanza kucheua. Niliushika mkono wenye plasta, nikabaki nao.

Walipotuita ndani, mtoto alikuwa amekaa, barakoa usoni. Alimwona babu yake, akaisogeza.

"Babu kampa gari dawa."

Alishaniambia. Alishaniambia tangu mwezi uliopita, nami nikamcheka.

Alhamisi, 11 Aprili

Ameruhusiwa. Amelala, mdomo wazi, bila mlio.

Jumamosi, 13 Aprili

Tumekwenda kwa Fundi Kimya sote watatu. Alipofungua bolti, oili ilitoka ikaendelea kutoka, akavuta beseni la pili. Nilimweleza yote na, kwa mara ya kwanza, mtu yule alinyamaza. Haikudumu.

"Mzee, ulikuwa unalinenepesha uliuze kwa kilo?"

"Nawe unafanya kazi kwa mdomo au kwa mikono?" baba mkwe akamjibu, na wakaanza kubishana habari za magari yaliyotengenezwa mimi sijazaliwa.

Amemwaga yote, akaweka mpya na filta mpya. Mpira wa filta ya zamani baba mkwe aliuomba, akaupapasa mzima ndipo akaridhika. Nikagundua kuwa naye hamwamini mtu.

Jumapili, 21 Aprili

Nimempigia Dalali aje. Nikamkabidhi tena ule mwavuli.

"Shemeji, kwa ule uzi naomba radhi. Nilikuonea. Kwa yule mnunuzi siombi radhi."

Akakaa, akakuna kidevu. "Hata hivyo mnunuzi kapata jingine." Akanywa chai, akatazama chumba. "Shem, hilo kabati jipya..."

"Shemeji."

"Naangalia tu."

Jumapili, 5 Mei

Mume wangu karudi usiku wa jana. Asubuhi, kabla ya kupiga mswaki, nikamwona amechuchumaa chini ya bati, ameinua kadibodi anaigeuza pande zote. Safi. Akaingia ndani kifua mbele.

"Nimeamua gari libaki," akatangaza.

"Aliyekuuliza nani?" baba yake akasema.

Jumatatu, 6 Mei

Mvua zimebaki manyunyu tu. Asubuhi tumepima, kama tunavyofanya sasa kila siku: mimi naangalia, Baba anagusa, na boneti haifungwi mpaka tukubaliane. Leo tulibishana. Mimi nasema iko sawa, yeye anasema imeshuka kwa upana wa unywele. Nikafuta kijiti, tukarudia mara nyingine. Ilikuwa sawa. Hakusema nimeshinda, alisema kidole chake kimeamka vibaya.

Kwenye kadibodi palikuwa na tone moja. Nikaligusa, nikalinusa, nikampa naye anuse. Bati linavuja, siyo gari.

Jioni nimeegesha, nikajikuta nafunga uzi. Mkono ulishazoea. Baba alikuwa barazani, mtoto mapajani, redio chini kabisa.

"Umefunga?"

"Nimefunga, Baba."

"Kaza," alisema akikisugua kidole gumba chake. "Yule mtu namjua. Hakomi."